Rekodi Ambayo Baba Hakupiga

Mpaka leo sijui vizuri ile tuzo alipewa nani. Cheti kina jina la kikundi chetu cha tarumbeta, kikawekewa kioo, kikatundikwa ofisi ya usharika, na kila mgeni anayeingia pale huambiwa kwamba watu wetu waliwahi kupiga muziki wa klasiki ukasikika hadi Ulaya. Hilo ni kweli. Lakini aliyesifiwa zaidi katika maneno yaliyokuja na cheti hicho alikuwa mama yangu, ambaye hakupiga chombo chochote wala hakuimba, na aliyestahili kusifiwa, yaani baba yangu, hasikiki hata kidogo kwenye wimbo wenyewe. Nimejaribu kueleza habari hii mara nyingi, na kila mara watu hunitazama kana kwamba nimechanganya visa viwili. Sijachanganya mimi. Vilichanganyika vyenyewe.

Nyumbani kwetu ni juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, ambako migomba na mibuni hukaa pamoja na njia zikilowa huteleza kama zimepakwa mlenda. Baba alikuwa mkulima wa kahawa kama jirani zake wote, na kama wengi wao alikuwa na meno ya kahawia kwa sababu ya madini yaliyomo katika maji yetu. Tofauti yake ni kwamba aliongoza kikundi cha tarumbeta cha usharika. Vyombo vililetwa na wamisionari kabla yeye hajazaliwa. Vilikuwa vimebonyea hapa na pale, vimezibwa matundu na fundi masufuria, lakini vililia vizuri. Baba alipiga sauti ya kwanza.

Jino lake moja la mbele lililegea tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Hewa kidogo ilipenya hapo, kwa hiyo noti yake ilitanguliwa na pumzi, kama mtu anayesita mlangoni kabla ya kupiga hodi. Wenzake walisema ni kasoro. Mama alisema hiyo ndiyo anwani yake. Akiwa jikoni, moshi umemjaa machoni, alisikiliza kikundi kizima kikipiga kule kilimani na kusema, "Huyo ni baba yenu," au, "Leo baba yenu hana raha." Nilidhani anajidai tu. Kina mama wa kanisani nao walimtania kwamba mumewe akikohoa Arusha mjini, yeye huku juu atamwambia pole.

Sasa, mtu wa mbali lazima ajue jambo moja, vinginevyo hataelewa lolote katika haya. Kwetu tarumbeta haikuwa burudani. Ilipigwa Krismasi na Pasaka, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa msiba. Mtu akifa, alfajiri kikundi kilipanda kilima cha kanisa, kikaelekea bondeni, kikapiga wimbo wa kuaga, ule ule siku zote, sauti nne, polepole. Akifa mmoja unapigwa mara moja. Wakifa wawili unapigwa mara mbili, na katikati panakuwa kimya. Hakuna aliyehitaji kutangaziwa zaidi. Mama aliyekuwa akiwasha moto aliuacha, akakata mkungu wa ndizi au akachukua kibuyu cha maziwa, akatoka njiani akiuliza, "Ni wapi?" Hakuna aliyeuliza kama kuna msiba. Waliuliza ni wapi tu.

Mambo hayo yalikuwa yameanza kufifia. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria imeruhusiwa, maduka ya mjini yamejaa vitu tulivyozoea kuvisikia kwa majina, na bei ya kahawa imeanguka mpaka watu waling'oa mibuni kimyakimya wakapanda nyanya na karoti za kupeleka sokoni Tengeru. Kwaya za vijana zilinunua vinanda vya umeme vyenye ngoma ndani yake, zikaenda kurekodi kaseti, na kaseti zikauzwa stendi pamoja na soksi za mitumba. Kijana gani tena angetaka kupuliza chuma baridi alfajiri kwa ajili ya maiti? Kikundi cha baba kikabaki cha watu wazima wanaokohoa.

Halafu daktari wa meno, kwenye moja ya zahanati za binafsi zilizokuwa zikifunguliwa kila kona, akamwambia baba kwamba lile jino na mengine ya pembeni lazima yang'olewe. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye fizi. Baba akauliza kama mtu asiye na meno ya mbele anaweza kupuliza tarumbeta. Daktari akacheka, maana alidhani ni mzaha.

Huo ndio mzigo tuliokuwa nao nyumbani mwaka ule. Jino likitoka, sauti ile inaondoka nalo, na hapakuwa na mahali popote ilipohifadhiwa. Kwaya ya vijana iliyoanzishwa juzi ilikuwa na kaseti mbili. Baba aliyepigia karibu kila kaburi la mteremko ule hakuwa na hata dakika moja. Jambo hilo liliniuma kuliko lilivyomuuma yeye, au ndivyo nilivyodhani.

Mimi wakati huo nilipanga chumba Sombetini na nilikuwa karani katika ofisi moja ya utalii mjini. Siku moja akaingia mzungu ambaye hakutaka kuona tembo. Alikuwa na mashine ya kurekodi ndani ya sanduku la chuma, na sanduku lenyewe alilifunga mkanda kwenye kiti cha gari kama mtoto. Kiswahili chake alikisomea darasani, kimenyooka kuliko changu, na kilinichosha. Alisema anatafuta muziki wa klasiki.

"Huku?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Nimeambiwa kwamba upo Meru."

Nilimwambia amedanganywa. Kisha nikakumbuka kinachotundikwa kwenye misumari nyuma ya mlango wa kanisa letu, nikamwambia asubiri, huenda hakudanganywa sana.

Jumapili nikampandisha nyumbani, nikawa kama mshenga kati yake na baba. Baada ya ibada kikundi kikampigia nyimbo mbili tatu. Yule mtu alifumba macho, na alipoyafumbua alisema kwamba nyimbo hizi ni klasiki halisi, kwamba kwao zimeanza kupigwa haraka haraka na huku zimetunzwa zilivyokuwa, na kwamba kila mwaka kwao kuna tuzo kwa rekodi mpya za muziki wa namna hiyo. Alitaka kuturekodi na kuipeleka rekodi ishindanishwe.

"Klasiki maana yake nini?" akauliza mzee wa besi, ambaye shavu lake moja lilikuwa kubwa kuliko jingine kwa kupuliza.

"Ni muziki mkubwa wa zamani ambao haufi."

Mzee wa besi akatutazama sote. "Sisi huu tunazikia," akasema.

Ugumu ulianza pale mzungu alipouchagua wimbo. Katika zote alitaka ule wa kuaga, na alitaka upigwe nje kilimani, alfajiri, kabla malori ya mashamba ya maua hayajaanza kupita, kwa sababu ndani ya kanisa bati lilitetemeka kwenye noti za chini. Baba akakataa hapo hapo. Alisema, "Huo haupigwi bila maiti." Mzungu akasema anaheshimu mila, lakini uso wake ulianguka. Nilimwona baba akiligusa lile jino kwa ulimi, huku na huku, kama alivyofanya kila alipowaza. Mwishowe akasema kwamba katika maisha yake wimbo aliopiga mara nyingi kuliko wote ni huo, na kama sauti yake imo popote, imo humo. Atapiga, kwa sharti moja: itangazwe kanisani kwamba Jumamosi alfajiri wimbo utasikika na hakuna aliyekufa.

Ikatangazwa. Jumamosi ikanyesha mvua ya kufa mtu, hata mbwa hawakutoka nje. Jumapili mwinjilisti alitangaza mnada wa mazao, akatangaza harusi, akatangaza mbuzi aliyepotea, na habari yetu, kwamba wimbo umesogezwa hadi Jumatatu, akaisahau. Mama aliposikia kimya akaona mambo yale yamekwisha. Akajifunga kitenge akateremka kwa dada yangu mkubwa, aliyekuwa amejifungua huko chini karibu na Tengeru, akamwacha baba na shavu lililovimba na homa ya jino. Sasa mzungu alikuwa anaondoka Jumanne, na baba alikuwa na miadi ya kung'olewa meno Jumatatu mchana. Ilibaki Jumatatu alfajiri. Nilimwambia baba nimpelekee mama habari. Akasema mama yuko mbali, hatasikia, nisimsumbue mtu aliyeshika kichanga.

Kulikuwa na ukungu. Mzungu alisimamisha vipaza sauti vyake kwenye miguu mirefu, akavaa vile vya masikioni, akainua kidole. Wakapiga. Mbwa akabweka ubeti mzima. Akaomba warudie. Wakarudia, na mtu wa sauti ya tatu, ambaye midomo yake ilikuwa bado ya baridi, akakwaruza mwishoni. Akaomba tena.

Ile ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza na siwezi. Nimewahi kusikia wimbo ule kwa babu, kwa bibi, kwa mtoto wa jirani aliyeungua, na kila mara nilikuwa nikilia au nikimshika mtu anayelia, kwa hiyo sikuwahi kuusikiliza. Asubuhi ile hapakuwa na wa kumlilia. Baba akaanza na ile pumzi yake, halafu noti ikafuata, na nilielewa mara moja kwamba hakuwa anasita. Alikuwa anawapa watu nafasi ya kukaa chini. Sijui kama huo ndio uklasiki. Nilijua tu kwamba ikishindanishwa na nyingine yoyote, hiyo ishinde, na nilifurahi.

Mzungu akavua vya masikioni. "Nzuri sana," alisema. "Tupige moja zaidi, iwe akiba."

Sasa nirudi bondeni, maana huko nako kulikuwa na watu. Waliposikia mara ya kwanza walitoka kama kawaida na ndizi zao wakiuliza ni wapi. Iliposikika mara ya pili, wale waliokuwa njiani wakasimama. Ya tatu ilipopigwa, mmoja akasema ni basi limepinduka, mwingine akasema ni kipindupindu, na wanaume wakaanza kukimbia kupanda kilima. Kengele ya shule ikagongwa, hakuna ajuaye na nani. Mama alikuwa katikati yao. Alianza kupanda mapema, wimbo wa kwanza ulimkuta njiani akirudi nyumbani kuchukua maziwa ya mzazi, na sasa alikuwa amebeba mkungu wa ndizi aliopewa na mtu aliyekuwa amebeba miwili. Alinisimulia baadaye kwamba alikuwa na huzuni ya hao watu watatu asiowajua, lakini moyo wake ulikuwa umetulia upande mmoja. Mara zote tatu alimsikia mumewe akipiga. Aliyekufa hawezi kuwa yeye.

Kule juu baba alifungua mdomo na damu ikamtoka. Akatoa leso, akamwashiria mwalimu wa shule aliyekuwa akipiga sauti ya pili achukue ya kwanza, akaenda kukaa juu ya jiwe, hatua chache tu kutoka kwenye kipaza sauti. Wakapiga mara ya nne bila yeye.

Kama nisingekuwepo nisingeamini. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Katika wa pili nikasikia vilio vikipanda kutoka kwenye migomba, wanawake wengi, bado mbali. Wapigaji walivisikia. Walitazamana juu ya vyombo vyao, macho yamewatoka, lakini hawakuacha, kwa sababu wimbo ule ukishaanza haukatizwi, hata jeneza likianguka. Katika ubeti wa tatu sauti moja ikawatangulia wengine. Ilikuwa ya mama yangu.

"Baba watoto! Uuwi! Baba watoto, umeniacha na nani?"

Alikuwa amesikia wimbo ukianza bila ile pumzi. Kwa hesabu zake, mtu aliyekuwa akipiga dakika chache zilizopita na sasa hapigi, huku wenzake wanaendelea kupiga wimbo wa kuaga, amekufa pale pale na tarumbeta mkononi. Alitupa mkungu akakimbia. Mzungu alikuwa ameinua kiganja kutuzuia tusitikisike, na machozi yalimtiririka. Nilitaka kupiga kelele, sikujua nimpigie nani. Wakamaliza wimbo. Noti ya besi ikaisha.

Ndipo baba, akiwa bado juu ya jiwe, mdomo umejaa leso, akasema, "Niko hapa. Nimekaa tu."

Mama akasimama. Kitenge kilikuwa kimemvuka, nywele zina majani. Akasema kwa hasira ambayo sijawahi kuisikia tena, "Sasa mbona hupigi?"

Mzungu akabonyeza mashine ikazima. Baba alifungua mdomo akamwonyesha.

Kilichofuata kilikuwa vurugu tupu. Kilima kilijaa watu wenye ndizi, maziwa, kuni na nyuso za msiba, kila mmoja akimuuliza mwenzake ni wapi, na kila mmoja akijibiwa sijui. Mchungaji alikuja vifungo vya shati vimepishana. Tulipoeleza kwamba hakuna aliyekufa, baadhi walicheka mpaka wakakaa chini, na wengine walikasirika, hasa bibi mmoja aliyetembea kutoka ng'ambo ya mto na hakukubali kwamba amekuja bure. Halafu likaja suala la chakula. Kwetu ndizi zilizopelekwa msibani hazirudi nyumbani, ni mkosi. Zikapikwa pale pale. Tukala chakula cha msiba kisicho na marehemu, tumekaa kwenye majani. Wengine walimshika baba mkono wakasema pole, wengine wakasema hongera, naye aliitikia wote asante kwa mdomo wa damu. Mchana nikampeleka akang'olewa meno.

Wazee wa kanisa walimwita wakamhoji. Hawakujua wamshtaki kwa lipi, lakini waliona lazima kuna kosa. Maneno yakaenea kwamba wimbo umepigwa mara nne na kwa hiyo lazima wapatikane wanne wa kuujaza, na kwa miezi kadhaa kila aliyeshikwa na homa alitutazama vibaya njiani. Mzee mmoja mkongwe sana, aliyekuwa kitandani tangu sijazaliwa, alipofariki, wanawe walikuja kumwambia baba, "Basi, wa kwanza huyo." Sijui kama walikuwa wanatania. Baba naye hakujua.

Kisha kikaja kifurushi. Kulikuwa na cheti, na maneno ya wasimamizi wa tuzo kwamba kati ya rekodi mpya za klasiki mwaka huo hii ilistahili kutambuliwa, hasa kwa jinsi tarumbeta zinavyoendelea bila kuyumba huku sauti ya mwanamke ikiingia juu yake kama sauti ya tano. Walikuwa wanaomba jina la mwimbaji huyo. Nikayasoma hayo mbele ya wazee wa kanisa, nikayatafsiri, nikaulizwa nitafsiri tena.

Nilipomwambia mama, alikuwa anakoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando. "Waambie sikuimba," alisema. "Nilifiwa." Akakoroga kidogo. "Halafu sikufiwa."

Nilimwandikia mzungu kumshukuru na kumwomba ile ya tatu, ile ambayo baba anapiga. Alijibu kwa upole kwamba mikanda yake ni ya ghali, kwamba alibakiza ile moja tu iliyokuwa bora, na juu ya nyingine alirekodi ngoma za mahali pengine. Nililia pale ofisini mbele ya watalii. Sikulia kwa uchungu tu, nililia kwa hasira. Mtu alishika kitu pekee tulichomwomba akishike, akakifuta, akatuletea cheti. Na hata sasa sijui nimlaumu vipi, kwa maana hakuna mtu mwingine aliyewahi hata kuja kutuuliza.

Baba aliwapongeza wenzake. Alimpongeza mwalimu, akampongeza mzee wa besi, na cheti kilipotundikwa alikuwepo akakipigia makofi. Nilipomwambia kwamba cheti ni chake pia alitabasamu kwa midomo iliyoingia ndani. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. Alijaribu meno ya bandia. Siku moja alichukua tarumbeta akaenda nyuma ya nyumba, akapiga ubeti mmoja, safi, bila hewa kutoka pembeni hata kidogo. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Nani huyo?" Baba akairudisha tarumbeta kanisani akaitundika kwenye msumari wake, na hakuigusa tena.

Pamoja na cheti mzungu alitutumia kaseti aliyoinakili kutoka kwenye mashine yake. Rekodi iliyopewa tuzo inaishia pale noti ya besi inapokwisha. Waliosikiliza huko Ulaya waliamini wamesikia mazishi, na kwamba mtu anayeitwa na mwanamke yule yumo ardhini. Kaseti yetu haikukatwa. Inaendelea kidogo mpaka pale alipozima. Baba hakutaka kuisikiliza. Alisema atasikiliza nini wakati hayumo.

Alifariki miaka mingi baadaye, mzee, kitandani kwake. Kikundi kilikuwa bado kipo, kimechakaa zaidi, na alfajiri mwalimu alipanda kilima na wenzake wakapiga mara moja. Nilikaa na mama ndani. Kina mama walimzunguka wakimngoja alie, lakini yeye alikaza shingo kuelekea dirishani muda wote wa wimbo, na ulipokwisha aliendelea kukaa hivyo hivyo. Mmoja akaninong'oneza kwamba mama yako amechanganyikiwa. Mimi pia nilikuwa naisubiri ile pumzi.

Watu walipokwisha kutawanyika, siku moja mchana, mama alinituma kabatini. "Lete ile kaseti niliyolia," aliniambia. Hakuwahi kuitaka hata mara moja. Nikatia betri kwenye redio, nikaiweka juu ya kinu kilichofunikwa, yeye akakaa kwenye kigoda chake. Tukausikiliza wimbo. Tukasikia vilio vikitoka mbali, na sauti yake ya miaka ile ikimwita mumewe na kumuuliza amemwacha na nani. Mama alijisikiliza bila kubadilisha uso, kama anayemsikiliza jirani. Tarumbeta zikaisha, na katika kimya kile, karibu sana, karibu kuliko chombo chochote, mtu mwenye leso mdomoni akavuta pumzi kidogo kabla ya neno, vile vile alivyokuwa akivuta kabla ya noti.

"Niko hapa. Nimekaa tu."

"Sasa mbona hupigi?"

Kaseti ikalia kwa ile kelele yake tupu. Mama alingoja. Nilinyoosha mkono nizime, akanishika kifundo cha mkono akanizuia, akaendelea kungoja mpaka alipohakikisha hakuna jibu.

"Rudisha kidogo," akasema. "Anzia pale anaposema yupo."